Cheche, Risasi na Kisanduku cha Kiberiti

Fungua boneti ya pikapu ya petroli iliyozaliwa kabla ya 1990, iwe Datsun 1200 ya kubeba kuku au Pijo 504 iliyozeekea shambani, utaona kitu kinachofanana na pweza mweusi. Kichwa cha plastiki na waya tano nene. Mmoja unaingia katikati, minne inatoka pembeni kwenda kwa plagi. Mafundi wanaiita distributa. Kwa Kiswahili sanifu tungesema kigawanyaji, lakini nenda Kirinyaga Road uulizie kigawanyaji, utaangaliwa kama mtu anayetafuta ofisi ya chama cha siasa kilichovunjwa zamani.

Nataka kueleza vile huyo pweza anafanya kazi, na vile alipoteza pointi akapewa transista. Inaonekana ni stori ya watu wa gereji. Lakini ukivuta ule waya wa katikati unatoka na vitu vingine kabisa: ghala moja la shambani huko Ohio, sumu iliyouzwa kwenye vituo vya petroli kwa miaka 98, moshi wa Los Angeles, na hewa uliyovuta ukiwa mtoto kama ulizaliwa Nairobi kabla ya 2006.

Tuanze na kazi yenyewe, maana bila kuielewa, historia yake itabaki kuwa majina tu.

Injini ya petroli inameza hewa na mafuta, inaubana ule mchanganyiko, halafu inauwasha. Kuwasha ndiko kugumu. Betri ina volti 12, na volti 12 haziwezi kuruka hata mwanya wa unene wa ukucha. Plagi inataka volti 15,000, au 20,000, wakati mwingine zaidi, ndio cheche iruke ndani ya silinda iliyobanwa. Jibu liko kwenye kile kikopo kinachoitwa koili. Ndani yake kuna nyaya mbili zimezungushiwa chuma kimoja: mmoja mnene wenye mizunguko michache, mwingine mwembamba kama unywele wenye mizunguko kama mara mia zaidi. Umeme wa betri ukipita kwenye waya mnene unajenga uga wa sumaku. Ukiukata ghafla, uga unaporomoka, na huko kuporomoka ndiko kunazaa umeme mkali kwenye waya mwembamba. Hii ni fizikia ya Form Four, ile ya induksheni, ambayo wengi wetu tuliikariri bila mtu kutuambia kwamba ndiyo inayoleta maziwa mjini asubuhi.

Angalia hapo vizuri. Cheche haitoki umeme ukiwashwa, inatoka ukikatwa. Karibu kila kitu ndani ya distributa kiko hapo ili umeme ukatwe, ukatwe haraka, na ukatwe kwa wakati wake.

Mhimili wa distributa unazungushwa na injini, kwa nusu ya kasi ya krankshafti. Juu yake kuna nundu nne, kama injini ni ya silinda nne. Kila nundu inasukuma mkono mdogo, na mkono huo unaachanisha vichwa viwili vya chuma ambavyo ndivyo pointi. Pointi zikiachana, mkondo unakatika na koili inatema. Umeme mkali unarudi kwenye kichwa cha distributa kupitia waya wa katikati, unaingia kwenye rota inayozunguka, na rota inaupeleka kwa silinda ambayo zamu yake imefika. Moja, tatu, nne, mbili. Huo ndio mpangilio wa Datsun 1200, wa Pijo 504, na wa injini nyingi za silinda nne. Kuna mafundi wanaoutamka kama namba ya simu ya nyumbani. Kando ya pointi kuna kondensa, kikopo kidogo kama ncha ya kidole, kinachomeza ule mkondo unaotaka kuendelea kuruka pointi zikiachana. Bila kondensa, pointi zinaungua na cheche inakuwa dhaifu.

Sasa weka hesabu. Injini ikiwa kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, silinda nne zinadai cheche 6,000 kwa dakika. Mia moja kila sekunde. Kipande cha chuma na springi, kikifungua na kufunga mara mia kwa sekunde, kutoka Nyeri hadi soko la Wakulima, na kesho tena. Zaidi ya miaka sitini magari mengi ya petroli duniani yaliendeshwa hivyo.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni mambo ya wakati. Mafuta hayawaki yote papo hapo. Moto unasambaa, na kusambaa kunachukua muda, tuseme milisekunde mbili. Injini ikiwa imetulia kwa mizunguko 750, milisekunde mbili ni digrii 9 za mzunguko. Kwa mizunguko 3,000 ni digrii 36. Kwa hivyo cheche lazima itangulie kabla pistoni haijafika juu, na kiasi cha kutangulia kinabadilika kila ukikanyaga. Distributa inafanyaje hiyo hesabu? Chini ya bamba la pointi kuna vyuma viwili vizito vilivyoshikwa na springi. Kasi ikipanda vinatupwa nje, vile abiria wanavyotupwa upande matatu ikikata kona, na vikitupwa vinazungusha nundu mbele kidogo. Ubavuni kuna kikopo chenye utando wa mpira, kimeunganishwa na kabureta kwa mrija. Mvuto wa hewa kwenye kabureta unavuta utando, utando unasogeza bamba, kulingana na vile mguu wako umekanyaga. Hakuna kompyuta hapo. Vyuma viwili, springi mbili na utando. Sijaona maelezo mazuri zaidi ya neno hesabu.

Kabla ya huyu pweza watu walihangaika sana. Gottlieb Daimler alitumia mrija uliopashwa moto na mwale uliowaka nje ya silinda, yaani gari linalotembea na jiko ubavuni. Ujerumani hiyohiyo, kampuni ya Robert Bosch ikaja na magneto ya volti nyingi, kazi ya mhandisi Gottlob Honold mwaka wa 1902. Magneto ilikuwa safi lakini bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Ford Model T ya 1908 ilikuwa na koili nne za mtetemo kwenye sanduku, zikilia kama nyuki, na kijiti kando ya usukani ambacho dereva alikitumia kusogeza wakati wa cheche kwa mkono. Gari liliwashwa kwa kuzungusha handeli mbele. Ukisahau kurudisha cheche nyuma, injini inapiga kinyume, handeli inarudi na mkono wako unavunjika. Kuvunjika mkono kulikuwa kwa kawaida hadi madaktari waliujua mvunjiko huo kwa sura.

Ndipo anaingia Charles Kettering. Alizaliwa Ohio mwaka wa 1876, akasomea uhandisi, akaajiriwa Dayton kwenye kampuni ya NCR iliyotengeneza mashine za keshia za madukani. Kazi yake kubwa huko ilikuwa kuiwekea mashine ya keshia mota ya umeme, ndogo lakini yenye nguvu za ghafla. Usiku, yeye na wenzake wachache walikuwa wanakutana kwenye ghala la shambani la bosi mmoja wa NCR, Edward Deeds, wakichezea mambo ya magari. Mwaka wa 1909 ghala likawa kampuni: Dayton Engineering Laboratories Company, ambayo ukichukua herufi za mwanzo unapata Delco. Mteja wao wa kwanza mkubwa alikuwa Cadillac. Badala ya mvua ya cheche za koili inayotetemeka, mfumo wa Kettering ulitoa cheche moja kwa wakati wake, kwa umeme wa betri. Mwaka wa 1912 Cadillac ikatoka na stata ya umeme pia, kazi ya Kettering tena, na mtu angeona jinsi mota ya mashine ya keshia ilivyomfunza. Handeli ikaanza kufa. Pointi, kondensa, koili, rota: kile ambacho fundi wa Kariobangi anafungua leo kwenye Datsun ni mtoto wa mfumo huo, na hajabadilika sura kiasi cha babake kumkana.

Hapa ndipo hadithi inapinda, na wengi wanaoandika juu ya distributa hawafiki hapa.

Cadillac zile mpya zilianza kugonga. Nok, wanasema mafundi: ule mlio wa kokoto kwenye debe injini ikipanda mlima. Lawama zikamwangukia Kettering. Walisema ni hiyo cheche yake ya betri. Yeye hakukubali, akataka kuthibitisha kwamba tatizo liko kwenye mafuta. Mwaka wa 1916 alimpa kijana mmoja wa maabara yake, Thomas Midgley, kazi ya kutafuta kiini cha nok. Walijaribu vitu vingi kwa miaka, na ikaonekana kweli kwamba nok ni tabia ya petroli, siyo cheche. Distributa ilikuwa haina hatia. Lakini wakaendelea kutafuta dawa, na Desemba 1921 Midgley akapata tetraethili, kimiminika chenye madini ya risasi. Tone kidogo, na injini inanyamaza.

(Kiswahili kiliona mbali. Madini hayo na kile kinachotoka kwenye bunduki, sisi tunatumia neno lilelile.)

Petroli ya risasi iliuzwa mara ya kwanza Dayton, Februari 1923. Kampuni iliyoiuza ilipewa jina Ethyl, jina tamu kama la msichana wa kanisani, na neno risasi halikuonekana kwenye matangazo. Rais wake wa kwanza alikuwa Kettering. Kwamba risasi ni sumu halikuwa jambo geni. Madaktari walilijua kabla hata ya injini kubuniwa. Midgley mwenyewe alikuwa ameenda Florida mapema 1923 kupumzisha mapafu yaliyochoshwa na risasi. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Standard Oil huko New Jersey walikufa wakiwa wamechanganyikiwa akili, na wenzao wakaita kile kimiminika gesi ya wazimu. Siku chache baadaye Midgley alisimama mbele ya waandishi wa habari akanawa mikono kwa tetraethili, kuonyesha kwamba haina neno. Ethanoli, pombe ya kawaida, pia ilijulikana kuzuia nok, na Midgley na Kettering walikuwa wameifanyia kazi. Lakini nani atachukua hataza ya pombe? Mamangu wa busaa hahitaji leseni ya Ethyl.

Kettering alipokufa mwaka wa 1958 aliheshimiwa kila mahali. Hospitali ya saratani ya New York bado inabeba jina lake pamoja na la bosi wa General Motors, Alfred Sloan. Mimi siwezi kumpima mtu wa namna hiyo kwa mzani mmoja. Mikono iliyotuondolea handeli ndiyo iliyotia saini karatasi za Ethyl.

Turudi kwa pointi. Ubaya wao ni kwamba zinakula. Kile kipande cha nyuzi ngumu kinachosuguana na nundu kinaisha pole pole, mwanya unapungua, cheche inachelewa, na gari linapoteza nguvu bila wewe kujua ni lini lilianza. Vichwa vya pointi navyo vinapata mashimo na vilima. Datsun 1200 inataka mwanya wa kama nusu milimita; fundi asiye na fila geji anapima kwa kadi, na wengine kadi zao ziko sawa kuliko fila geji za wengine. Mhimili ukichakaa bushi, unayumba, na mwanya unabadilika kutoka nundu hadi nundu. Mvua ikiingia chini ya kepu, umeme unapata njia yake, unachora mistari myeusi ya kaboni kama mizizi, na kuanzia siku hiyo gari linamisi kila asubuhi yenye ukungu.

Hayo hayakutuzuia kuyapenda hayo magari. Safari Rally ilifanya kazi ya matangazo bila malipo. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, gari 7 tu zilipomaliza kati ya 84, ikashinda tena 1966, 1967 na 1968. Datsun ikachukua 1970, 1971 na 1973. Mkulima aliyeona hayo matope kwenye gazeti alijua atanunua nini pesa za kahawa zikija. Pijo 504 ziliunganishwa Mombasa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na pikapu yake ilikuwa punda wa nchi nzima. Datsun 1200, ile ndogo ya injini ya A12 ya cc 1,171, ilidumu kuliko jina la kampuni yake: Datsun ikawa Nissan katika miaka ya 1980, na sisi Nissan tukalipa jina hilo matatu ya watu 14, pikapu ikabaki Datsun.

Kubadilisha pointi kwa elektroniki kungeweza kufanyika mapema. Transista ilibuniwa Marekani mwaka wa 1947. Mwaka wa 1963 General Motors waliuza distributa isiyo na pointi kwenye baadhi ya Pontiac. Wateja hawakuikimbilia. Pointi zilikuwa rahisi, kila mtu alizijua, na gharama ya kuzibadilisha ilikuwa ya mwenye gari, siyo ya kiwanda. Kwa nini kiwanda kihangaike?

Kilichowasukuma ni hewa. Los Angeles ilikuwa ikipofuka kwa moshi tangu miaka ya 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba jua likipiga mvuke wa petroli na gesi za ekzosi ndipo ule moshi unapikwa. Desemba 1970 ikapitishwa sheria ya Hewa Safi, iliyodai uchafu wa magari mapya upunguzwe kwa asilimia 90, na vifaa vya kuusafisha vidumu maili 50,000, yaani karibu kilomita 80,000. Soma hiyo namba ukiwa na pointi mkononi. Hakuna pointi inayokaa sawa kilomita 80,000. Halafu kuanzia magari ya 1975 ikaja katalisti, ile chombo ya kwenye ekzosi inayochoma masalio. Katalisti ina maadui wawili. Wa kwanza ni cheche iliyokosa: petroli mbichi inaingia humo, inawaka, inaiyeyusha. Wa pili ni risasi, inayoifunika na kuiua. Kwa hivyo sheria moja ilifukuza pointi za Kettering na risasi ya Kettering kutoka kwa gari jipya, karibu kwa mkupuo mmoja. Chrysler waliweka elektroniki kwenye magari yao yote mwaka wa 1973. General Motors wakafuata na HEI, ya kawaida kwenye modeli za 1975, yenye cheche kali ya kuwasha hata mchanganyiko mwembamba.

Pikapu, kama kawaida yao, zilitafuta njia ya panya. Gari lenye uzito halali wa juu zaidi ya pauni 6,000, kama kilo 2,700, halikubanwa na masharti hayohayo. Ford wakaongeza uzito kidogo juu ya F-100, wakaliita F-150, wakalitoa 1975. Hilo gari linaloringa leo barabara za Texas lilizaliwa likikwepa katalisti.

Sasa ndani ya distributa mpya kuna nini? Vitu vingi havikubadilika. Rota ipo, kepu ipo, vyuma vizito na springi vipo, utando upo. Kilichoondoka ni pointi na kondensa. Mahali pa nundu pana gurudumu dogo la chuma lenye meno manne, na kando yake sumaku iliyozungushiwa waya. Jino likipita karibu na sumaku, uga unabadilika na waya unatoa mpwito mdogo wa umeme. Hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika. Mpwito unaenda kwa moduli, na ndani ya moduli transista inaukata mkondo wa koili. Kazi ni ileile ya 1910, kukata, ila mkataji sasa hana mwili. Mifumo mingine inatumia kihisio cha Hall, kilichopewa jina la Edwin Hall aliyegundua tabia hiyo ya umeme na sumaku mwaka wa 1879, na mingine inatumia mwanga unaozibwa na kufunguliwa. Kwenye Sunny za baadaye, Hitachi walibandika moduli ubavuni mwa distributa, ndogo ya mraba, na wapenzi wa Datsun duniani wanaiita kisanduku cha kiberiti. Inaingia vizuri kwenye injini ya A12, na ndiyo maana Datsun nyingi za zamani zinatembea leo na moyo wa Sunny.

Adui wa moduli ni joto. Chini yake lazima upake grisi maalum, nyeupe, inayohamisha joto kwenda kwa chuma cha distributa. Fundi akifikiri ni uchafu wa kiwandani akaipangusa, moduli inapikwa. Gari litazima Gilgil saa saba mchana, litakataa kuwaka, halafu baada ya nusu saa litawaka kama halijawahi kuwa na shida. Hata wakubwa walikosea hapa: Ford walitumia kwa miaka moduli iliyofungwa juu ya distributa yenyewe, karibu na joto la injini, na mwaka wa 2000 jaji mmoja wa California alisema kampuni ilijua magari yanazima barabarani na ikanyamaza. Mwaka uliofuata walikubaliana na wenye magari nje ya mahakama.

Mafundi wazee wa Grogan (jina la mkoloni lilitolewa kwenye kibao cha barabara, likakataa kutoka mdomoni) wana msimamo juu ya haya. Pointi zinakuambia kabla hazijakufa: gari linamisi, linakosa nguvu, unafungua, unapiga msasa, unafika nyumbani. Moduli haina salamu. Iko hai, halafu haiko. Na huwezi kuifungua, imemiminiwa plastiki. Unanunua nyingine, na ya bandia inafanana na halisi hadi siku ya kwanza ya joto. Kutoka hapo wengi wanaenda hatua moja zaidi, wanasema elektroniki ililetwa ili tusitengeneze tena, tununue tu.

Nawaelewa, na nafikiri lawama yao imeshika mtu asiye yeye. Kwa walioibuni, ile plastiki nyeusi ilikuwa bei ya hewa. Walipoteza uwezo wa kupiga msasa, wakapata katalisti na petroli isiyo na risasi, na risasi kwenye damu ya watoto wa Marekani ilishuka sana miaka iliyofuata. Clair Patterson, mwanasayansi aliyepima umri wa dunia, alikuwa amepiga kelele tangu 1965 kwamba risasi imejaa kila mahali kwa sababu ya binadamu, na alipuuzwa mpaka sheria ilipokuja kwa mlango mwingine, mlango wa katalisti. Sisi tuliletewa nusu moja ya biashara hiyo. Distributa za elektroniki zilishuka Mombasa miaka ya 1980 na 1990 kwa sababu ndizo Japani ilikuwa inatengeneza. Hewa haikushuka nazo. Petroli iliyouzwa hapa kwa wingi iliendelea kuwa na risasi, na katalisti za magari ya mtumba zilikufa au zikang'olewa. Tulibeba gharama ya kisanduku kisichofunguka, na moshi tukaendelea kuuvuta uleule.

Na moshi huo una mahali ulipokaa. Risasi haiozi. Ilianguka kando ya barabara, kwenye vumbi la Jogoo Road na Landhies, ambapo watu wanauza mboga na watoto wanacheza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto inagusa ubongo unaojengwa. Mimi na wewe tuliozaliwa miaka ya mwisho ya 1990 tulikulia humo. Hakuna aliyetupima.

Juni 2001, huko Dakar, nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiondoa. Kampeni ya dunia ikapata makao Gigiri, kwenye ofisi za UNEP, kilomita chache tu kutoka kwa barabara hizo. Mwisho wa 2005 ulikuwa ndio mwisho wa petroli ya risasi Kenya na sehemu kubwa ya kanda. Nchi ya mwisho kabisa duniani, Algeria, iliacha kuiuza Julai 2021. Dayton hadi Algiers, miaka 98.

Betri, ile nusu nyingine ya mfumo wa Kettering, bado ni ya risasi. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba zao, na Julai 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Distributa yenyewe imebaki ya wazee. Fungua boneti ya Probox, hakuna pweza. Kila plagi ina koili yake juu ya kichwa, na kompyuta inaamua wakati. Wenye Datsun wanaendelea. Wengi wao walioweka ile ya kisanduku cha kiberiti bado wanatembea na distributa ya zamani chini ya kiti, pointi zimesafishwa na mwanya umepimwa, imefungwa kwa gunia pamoja na spana namba kumi.